Jiwe Lililosuguliwa na Upepo

Fundi wa maabara aliinua uso kutoka kwenye hadubini akashusha pumzi. Bosi amekosea, na kosa lenyewe lina kurasa arobaini.

Mkurugenzi alikuwa ameliokota jiwe lile ukweni kwake, uani, karibu na bafu. Dogo, linajaa kiganjani, ubavu mmoja bapa unang'aa. Basi akaandika ripoti kwamba mji huu zamani ulikuwa jangwa, na upepo wenye mchanga ulilisugua jiwe hilo miaka elfu ishirini. Ilibaki sahihi ya aliyepima, yaani fundi.

Sasa fundi si mtoto wa jana. Jiwe la mto huviringana kote, maji hayachagui upande. La ufukweni hujaa alama kama za kucha kwa kugongana na wenzake. La upepo hufifia na kuota vishimo. Hili lilikuwa laini upande mmoja tu, na ndani ya vitundu vyake mlikuwa na sabuni.

"Bosi, hii si sabuni?"

"Chumvi ya kale hiyo. Mkataba wako unaisha lini?"

"Ijumaa, bosi."

"Basi saini ripoti yangu, nami nisaini mkataba wako."

Jamani, ana watoto watatu na mume asiye na kazi. Mtumikie kafiri upate mradi wako, akajisemea, akasaini.

Siku ya uzinduzi wa ripoti ukumbi ulifurika wasomi na wapiga picha. Mama mkwe wa Mkurugenzi aliketishwa mbele. Jiwe lilipofunuliwa, bibi wa watu akainuka taratibu, akalichukua mezani.

"Kumbe ni wewe, baba," alimwambia mkwewe. "Wiki tatu nalitafuta. Nimesugulia visigino hili tangu nilipoolewa."

Mkwe habishani na mama mkwe, hata awe na shahada tatu. Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa adabu, kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akaunyanyua wote waone.

"Tuwie radhi, mama. Mimi nilimwamini aliyepima. Sahihi yake hii hapa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ijumaa alipewa barua badala ya mkataba: ameachishwa kwa kukosa uaminifu wa kisayansi. Aliisoma mara mbili akitafuta uongo wa kuukatia rufaa. Hakuuona.