Nguzo ya Mgomba Mgongoni mwa Kokugonza

Katika kijiji kizima cha Ndama, hakuna kilichoinama kikamshinda Nolasco. Mgomba ukilemewa na mkungu, yeye huuegemeza kwa mti wenye panda. Husemwa aliwahi kunyoosha mkia wa nguruwe, na nguruwe akashukuru.

Basi binti yake Kokugonza, wa miaka kumi na miwili, alipoanza kutembea ameinamia kushoto, Nolasco aling'oa nguzo ya mgomba mmoja shambani akamfunga nayo mgongoni kwa kamba za mgomba.

"Kaa wima, mwanangu. Mgongo ni mazoea."

"Baba, unaniua!"

Mama yake, Restuta, alizikata zile kamba kwa kisu cha kumenyea ndizi. Alikuwa amechoka na kila mtu. Zahanati ya kwanza ilisema minyoo. Ya pili, mtoto anakua. Na miezi yote hiyo maumivu yalishuka kutoka kiunoni mpaka unyayoni, akikohoa ndiyo yanazidi.

"Anakwepa kuchota maji," alisema mama mkwe. "Mtoto hana mgongo."

"Kama hana, mwanao amefunga nguzo kwenye nini?"

Asubuhi Restuta na binti yake wakapanda bodaboda kwenda hospitali ya Nyakahanga.

"Kwepa mashimo, kijana!"

"Mama, nikiyakwepa nitapita wapi?"

Daktari Evelyn alimlaza Kokugonza chali, akauinua mguu wake ukiwa umenyooka. Haukufika mbali, mtoto akapiga yowe.

"Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini," alisema daktari. "Naona kimoja kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu. Anainama ili aukwepe. Msimnyooshe kwa nguvu."

"Hata watoto hupata?"

"Wachache. Ndiyo maana huitwa wavivu."

Akampa dawa za maumivu na mazoezi ya viungo. Atembee taratibu, asibebe kitu kichwani. Wengi hupona bila kupasuliwa. Mguu ukilegea au mkojo ukigoma, arudi siku hiyohiyo. Picha ya kuthibitisha, mpaka Mwanza.

"Mwanza!" Restuta alimeza hasira kama kidonge bila maji.

Walipofika nyumbani, ule mgomba ulionyang'anywa nguzo ulikuwa umelala chini, mkungu wake ungali mchanga. Nolasco alikuwa ameshika kiuno, anautazama.

"Kokugonza!" mama mkwe akaita. "Njoo ubebe mkungu, upeleke jikoni!"

Restuta alisokota ngata ya majani makavu, akaiweka juu ya kichwa cha mumewe.

"Beba, Baba Kokugonza. Na ukae wima."