Mada Mpya za Kasuku

Jina la Kasuku alipewa na baba yake akiwa na miaka mitatu, kwa sababu kila kilichosemwa sebuleni alikwenda kukirudia kwa majirani, neno kwa neno, mikono kiunoni. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mama yake alicheka kuliko wote, na kama angejua kicheko kile kitamfikisha wapi, angemziba mdomo mapema.

Siku hizi Kasuku ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja, na kazi yake ni kuandika makala kwenye tovuti ya duka la vifaa vya kusaidia kusikia. Usiidharau kazi hiyo. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mteremko: jinsi ya kusafisha kifaa, jinsi ya kubadilisha betri, kwa nini kifaa kinapiga filimbi sikioni. Mwaka wa pili aliandika yaleyale kwa vichwa vipya. Mwaka wa tatu akakauka kabisa. Kila Jumatatu asubuhi meneja aliwakalisha mezani, akafungua daftari lake, akauliza, "Haya, nani ana mada mpya?" Kasuku akawa anatazama kucha zake. Alipoleta makala ya betri kwa mara ya tisa, meneja alimtolea uvivu mbele ya wenzake.

"Wateja wamechoka na betri, dada. Wanataka watu! Nenda kakae na mtu mwenye shida ya masikio, muulize maisha yake, uandike. Ina maana humjui hata mmoja?"

Alimjua mmoja, tena aliyemzaa.

Mama yake alikuwa mfumaji kiwandani kwa miaka ishirini na minne. Mle ndani mitambo ilinguruma kutwa nzima, hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo mitupu. Umbea wote ulipita hivyo, kutoka mtambo huu hadi ule, na msimamizi alisengenywa akiwa amesimama katikati yao bila kujua kitu. Masikio ya Mama yalipoanza kugoma, hakushtuka sana, maana alikuwa anaweza kusoma mdomo wa mtu yeyote, mradi auone. Lakini kumzungumzisha mtu kama huyo ni kazi. Lazima ukae mbele yake, utamke polepole, usitafune wala usigeuke. Watu huchoka. Taratibu nyumba nzima ikambakishia "umeamkaje" na "umekula", naye akajizoeza kuitikia kwa kichwa hata asipoambulia neno, ili asiwe mzigo.

Sasa fikiria furaha yake Kasuku alipoanza kuja kila Alhamisi alasiri. Siku ya kwanza alimletea vifaa viwili vya dukani kwao, akamvalisha mwenyewe, kimoja kila sikio. Vilisaidia kidogo, bado alihitaji kuona mdomo. Basi Kasuku akasogeza kiti dirishani, mwanga umpige usoni, simu yake akailaza kifudifudi kwenye mkono wa kochi. Mama aliona hiyo ni adabu, mtoto kaiweka simu pembeni kwa ajili yake.

"Mama, hivi ukiota ndoto, unasikia sauti?" aliuliza Kasuku.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Mama alifikiri, akacheka, akasema ndiyo, ndotoni anasikia hadi sindano ikianguka. Kuanzia hapo akafunguka kama bomba lililozibuliwa. Siku za Alhamisi akawa anaoga mapema na kuvaa gauni la kutokea, akae tu sebuleni kwake. Jirani alipomuuliza kulikoni, alijibu kwa maringo, "Kitindamimba wangu anakuja kunisikiliza."

Alhamisi ya sita Kasuku aliuliza, "Mama, kuna kitu uliwahi kujifanya umekisikia, halafu ukajuta?"

Lilikuwepo jambo moja, na Mama alikuwa amelifungia moyoni miaka minne.

Mwanawe mkubwa, kaka yake Kasuku, aligombana na baba yao juu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Baba akamwambia asikanyage tena hapo nyumbani. Mtoto naye alikuwa amerithi ukaidi wa baba yake wote, hakubakiza; alioa, na hakukanyaga miaka sita. Baba alipozidiwa hospitalini waliitwa wote. Kaka alifika saa moja baada ya baba kukata roho. Alimkamata mama yake mabega pale kwenye korido, akamuuliza, "Amenitaja? Amesema nini?" Mama akamjibu, "Amesema, mwambie arudi nyumbani." Pande lile la mtu lilikaa sakafuni likalia kwa sauti. Tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja na mkewe na watoto wawili, akakaa kwenye kiti cha baba yake, akarekebisha bawaba za milango, na mwanawe wa kiume alimpa jina la babu.

"Uongo," Mama alimwambia Kasuku. "Baba yako alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, inatia ukungu kwa ndani. Alisema, Kasuku. Alisema sana. Akanishika mkono, akaniuliza kwa macho kama nimeelewa, na mdomo wake siuoni. Nikaitikia kwa kichwa mara tatu. Nikamwambia, 'Nimesikia, mume wangu.' Akafumba macho, roho yake imetulia. Sikusikia hata neno moja."

Kasuku alilia, na hapa tusimwonee, machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Hili lisitoke humu ndani," alisema Mama. "Kaka yako akijua, nimempoteza."

"Jamani, Mama. Litatokaje?"

Jumatatu ikafika. Meneja akafungua daftari lake.

Alhamisi ya wiki ile Kasuku hakuja, alituma ujumbe kwamba kazi zimembana. Kaka alikuja Jumamosi, na Jumamosi haikuwa siku yake. Mama alikuwa anapiga pasi. Alimwona mwanawe amesimama mlangoni, uso umemshuka, akazima pasi.

"Nilitaka kukununulia vifaa vipya," alisema Kaka, akitamka polepole kama walivyofundishwa tangu utotoni. "Nikaingia kwenye tovuti ya kina Kasuku nione vilivyopo. Nikakuta hii."

Akampa simu. Mama alivaa miwani. Juu kabisa paliandikwa, "Aliitikia Asichokisikia: Kisa cha Mama Mmoja." Kilikuwepo kiwanda, na miaka ishirini na minne. Ilikuwepo barakoa, na ukungu wake. Alikuwepo mtoto aliyeambiwa arudi nyumbani. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, kwa mpangilio wake, hata pale alipokatisha sentensi kwa kikohozi, kikohozi kiliandikwa. Ndipo alipoelewa simu ile ilikuwa inafanya nini kwenye mkono wa kochi. Mwisho wa makala palikuwa na kitufe cha kijani: "Usichelewe kama mama huyu. Njoo upime masikio leo, bila malipo."

Mungu amsamehe, hakumfikiria mwanawe kwanza. Alizifikiria Alhamisi zake. Alifikiria kuoga mapema, gauni la kutokea, kiti kilichosogezwa dirishani, na jinsi alivyojitapa kwa jirani. Kumbe muda wote ule alikuwa anakamuliwa. Hasira na aibu vilimjia pamoja, asijue kipi kimetangulia.

"Mama, nitazame. Huyu ni wewe?"

Angeweza kukana. Kiwanda kile kilikuwa na wanawake mamia, na wengi wao wamezika waume. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini mdomo wa mwanawe ulikuwa mbele ya macho yake, unamngoja.

"Ni mimi."

"Kwa hiyo alisema nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Labda alisema nisije hata kumzika."

"Labda. Sijui."

Kaka alichukua simu yake. Alikitazama kile kiti cha baba yake kwa muda, kisha akaenda mlangoni, na pale akasema kitu huku amempa mgongo. Mama aliona mabega yakipanda na kushuka.

"Sijasikia!" alipiga kelele. "Geuka, sijasikia!"

Hakugeuka. Jumapili Mama alipika chakula cha watu watano, akakila mwenyewe hadi Jumanne.

Alhamisi Kasuku alifika saa ileile, na mfuko wa matunda. Alianza kujieleza kabla hajakaa.

"Mama, sikutaja jina la mtu. Niliandika mama mmoja."

"Kaka yako ana mama wangapi?"

Kasuku akasogeza kiti dirishani, na kwa mazoea akailaza simu kifudifudi kwenye mkono wa kochi. Akaeleza kwamba kazi ilikuwa inaota mbawa, kwamba meneja alimbana, kwamba alipofungua kompyuta jioni ile hakuwa na kitu kingine kichwani. "Na watu wameipenda, Mama. Hatujawahi kupata maoni mengi hivyo. Watu wanalia. Wanauliza yule mtoto alifanya nini alipojua."

"Na wewe umekuja kuniuliza hilo?"

"Hapana! Wallahi, Mama, hapana."

Mama alinyoosha mkono, akaigeuza simu. Safari hii ilikuwa imezimwa. Alingoja apate nafuu kwa kuona hivyo, nafuu haikuja. Zile Alhamisi sita zilikuwa zimekwisha kuharibika, na hata mtoto huyu akija bila simu, akija mikono mitupu miaka kumi mfululizo, yeye atakuwa anapima kila neno kabla ya kulitoa.

"Nilikuwa naoga, Kasuku," alisema. "Kila Alhamisi nilikuwa naoga kwa ajili yako."

Kisha akavua kifaa cha sikio la kulia, akakiweka juu ya simu. Akavua cha kushoto. Chumba kikazama kwenye ukimya.

Kasuku alianguka magotini. Aliufunika uso kwa viganja vyote viwili, akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Mama alihisi pumzi ya moto kwenye magoti yake. Alijua namna ya kufanya. Kasuku alipokuwa mdogo na kulia hivyo, Mama alimshika kidevu, akaunyanyua uso wake taratibu, akatoa mikono mdomoni kidole kimoja kimoja, akasoma kilio chote hadi mwisho. Mikono yake ilibaki kwenye kochi.

Hatimaye Kasuku alinyanyua kichwa. Viganja vilikuwa bado vimeziba mdomo, macho mekundu, yanauliza.

Mama aliitikia kwa kichwa mara tatu.

"Nimesikia, mwanangu," alisema.

Uso wa Kasuku ulianza kufunguka kwa nafuu. Halafu macho yake yakateremka hadi kwenye vile vifaa viwili juu ya simu, yakarudi kwa mama yake, yakabaki hapo. Maneno yale aliyajua. Aliyaandika mwenyewe, kwenye aya ya nne.