Makufuli Matatu

Mtaa ule haukuwa na masihara na mambo ya hatari. Baada ya ghala la jirani kuteketea, walichanga wakanunua ngazi ndefu, kamba na mapipa ya mchanga, wakamchagua fundi cherehani wa kona awe mkuu wa kamati ya maafa. Wakambandika jina: Kamanda. Mwanamke mwenye sauti, akisema kasema.

Ila watu nao! Leo huyu kaazima ngazi apake rangi, kesho yule kapanda nayo kurekebisha antena, na kuirudisha ni mpaka ugomvi. Kamanda akachoka. Akamwagiza fundi wa kuchomelea sanduku refu la chuma nene, ngazi na kamba zikafungiwa humo kwa makufuli matatu, kila ufunguo na mtu wake: mmoja kwake, mmoja kwa kinyozi, mmoja kwa mwalimu. Tuone sasa nani ataazima! Wakapongezana, wakanywa soda.

Adhuhuri moja moto ukalipuka kwenye karakana ya magodoro, chini ya nyumba ya Kamanda mwenyewe. Juu ghorofani alikuwa mama mkwe wake, mwenye nyonga mbovu, hatembei bila kushikwa. Waliojaribu kupanda kwa ndani walirudi wakikohoa, nyusi zimeungua.

Kamanda akapuliza filimbi. Jamani, watu walitoka! Mmoja alikimbilia kuzima umeme, kama walivyofundishwa. Kinyozi alifika na ufunguo, povu la sabuni bado mkononi. Makufuli mawili yakafunguka.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Anasimamia mitihani mjini," mkewe akajibu. "Simu huwa wanawachukulia mlangoni. Na ufunguo anao mfukoni, si mlisema usiachwe nyumbani?"

Kweli walisema. Kamanda ndiye aliyesema.

"Likate!" akamfokea fundi wa kuchomelea. "Leta mashine yako!"

"Umeme umezimwa, dada."

"Uwashwe!"

"Nyaya zinaungua kule. Tutakufa wote."

Wakalipiga kufuli kwa nyundo, kwa mawe, kwa jembe. Fundi alipiga huku analia, maana sanduku lilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri. Zimamoto walipigiwa, wakasema wako njiani.

Dirisha la juu likafunguka. Mama mkwe akachungulia, mtandio umekaa sawasawa kichwani. Katika mazoezi yote ya kamati yeye ndiye aliyekuwa akiigiza mgonjwa, na alivyopenda kushushwa kwa ngazi huku watu wakimpigia makofi!

"Mkwe wangu!" akaita. "Mbona leo mnajivuta? Mwenzenu nimeshavaa viatu."

Moshi ulikuwa umeanza kutoka dirishani, kando ya bega la mama.

"Ningoje hapa hapa?"

Mtaa mzima ukamgeukia Kamanda.

"Ngoja, mama," akasema. "Tunakuja."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono yote miwili dirishani, akangoja.