Kompyuta Iliyozimika Wakati wa Kahawa

Kompyuta ya Hirut ilikuwa na tabia ya kuzimika wakati wa kahawa. Asubuhi nzima ilifanya kazi bila kinyongo. Alasiri, mama mkwe wake Yeshimebet alipokwisha kutandaza nyasi za desturi ya kahawa sebuleni, kufukiza ubani na kuanza kukaanga buni, kioo kiliingia giza ghafla, na ukurasa ambao haukuhifadhiwa ukapotea. Hirut aliwapigia watu chapa mikataba na tasnifu hapo nyumbani, katika mtaa wetu wa Shiro Meda. Vidole vyake vilipotulia, nasi tuliokuja kunywa kahawa tuliweka vikombe chini kwa heshima, kama watu waliofika msibani.

Umeme ulishtakiwa kwanza, kwa kuwa mtaani kwetu umeme hushtakiwa kwanza kwa kila jambo. Getnet, mumewe Hirut, akachomeka redio katika soketi ileile, na redio ikaimba hadi jioni. Akanunua waya mpya. Kompyuta ikazimika na waya wake mpya. Kisha akaita fundi, ambaye alisema ni virusi, akafuta kila kilichokuwamo, akaketi kunywa kahawa. Kompyuta ilizimika mbele yake akiwa kwenye kikombe cha pili.

"Virusi hivi vina kiburi," alisema, akamaliza cha tatu.

Hapo ndipo Yeshimebet alipoacha kuchunguza nyaya, akaanza kuchunguza watu. Kahawa ile tulikuwa tukiinywa wanawake wanne: yeye, Hirut, mimi wa nyumba ya pili, na Amsale wa ng'ambo ya ua.

"Siku kompyuta ilipoletwa, Amsale alisema nini?" aliniuliza.

"Alisema ni nzuri."

"Alisema ni nzuri mno. Akatema mate?"

Hakutema. Alikuwa amesahau ile 'tuf' ndogo ya pembeni ambayo humkinga mwenye kusifiwa na jicho la msifuji.

"Lakini Mama, si yeye aliyeifumia nguo?" Hirut aliuliza.

Ni kweli. Amsale alikuwa ameifumia kompyuta vazi la uzi mweupe, lenye maua mazito na pindo lililofika mezani, likiacha kioo tu wazi. Televisheni yetu huvaa, redio huvaa. Isingefaa kompyuta ikae uchi mbele ya wageni.

"Afumaye ndiye atazamaye sana," Yeshimebet alijibu.

Amsale hakufukuzwa. Mtu hafukuzwi kwenye kahawa, haitwi, basi. Alikuwa amekunywa katika nyumba ile kila alasiri tangu alipofiwa na mumewe, na sijui kama alikuwa na mahali pengine pa kuzungumza. Aliposikia mchi ukitwanga, alitokeza mlangoni pake, shela tayari begani, akangoja sauti ya kumwita. Tulizungumza juu ya bei ya vitunguu. Baadaye kidogo mlango wake ulifungwa.

Siku iyo hiyo Hirut alilifua lile vazi, kwa sababu Pasaka ilikuwa karibu na moshi wa ubani ulikuwa umeligeuza rangi. Kompyuta ilifanya kazi hadi jioni.

"Mmeona?" alisema Yeshimebet, kwa utulivu wa hakimu.

Mvua ikanyesha mfululizo, vazi likakataa kukauka, na kompyuta haikuzimika hata mara moja. Ushahidi dhidi ya Amsale ulikuwa kamili. Nami niliukubali; sikuona kasoro.

Hatimaye jua likatoka. Vazi likakauka, likapigwa pasi, likarudishwa mahali pake. Buni zilipoanza kunukia, kioo kikaingia giza.

"Jicho hupita hata ukutani," alisema Yeshimebet, lakini sauti yake ilikuwa imepungua unene.

Hirut alisogea mezani. Aliinua pindo, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa upesi.

"Mama, njoo uguse."

Yeshimebet akagusa. Ilikuwa ya moto kama kikaango cha mkate wetu wa injera. Maua ya Amsale yalikuwa yameziba kila tundu la kutolea joto, na chini ya meza lilikuwapo jiko letu la mkaa la kukaangia buni, likisaidia.

"Kumbe ni Amsale kweli," alisema Yeshimebet.

"Ni nguo, Mama."

"Nguo ya nani?"

Hirut alilivua vazi na kulikunja. "Mimi naenda kumwita."

"Utamwambia nini? Kwamba hana jicho baya, ana mkono mbaya?"

Lakini Hirut alikuwa amekwisha kufika uani. "Dada Amsale, njoo, kahawa inapoa!"

Amsale aliingia kabla shela haijamkaa vizuri. Alitusalimu kwa kirefu, akauliza hali ya kila mmoja wetu, asiulizie zile siku ambazo hakuitwa. Kisha akaiona kompyuta.

"Nani ameivua nguo?"

Hirut aliangalia nyasi. Yeshimebet alimimina kahawa polepole mno, hadi tone la mwisho.

"Mimi. Ni nzuri mno, mwanangu, nimeifungia kabatini. Watu wana macho," akasema Yeshimebet.

Mabega ya Amsale yakashuka. "Umefanya la maana. Nilitaka kukwambia tangu zamani, nikaogopa kuitwa mchonganishi."

Alipokea kikombe, akakipuliza, akanitazama mimi. Yeshimebet naye akanitazama, kwa makini, kama mtu anayekumbuka jambo. Nikasema kwamba kahawa ni tamu. Nilisahau kutema mate.

Kompyuta iliwaka bila tatizo hadi kikombe cha tatu. Changu kilikuja mwisho, na kilikuwa nusu mashapo.