Elektroni Mbili za Shemasi Ogutu

Shemasi Ogutu hakuwahi kufungua kitabu cha kemia. Alikiwekea mkono juu, akakiombea, akakirudisha mkobani. Mimi pia ni mtu wa maombi. Hupiga magoti kila alfajiri kabla ya kwenda kazini kuwaogesha wazee wa watu. Lakini sijawahi kumwomba Mungu anisomee.

Bahati mbaya Patrick, mwalimu wetu wa jioni huku ughaibuni, pale Parramatta, alitupanga wawili wawili kwa mtihani wa mdomo, mimi na Ogutu pamoja. Anayefaulu anaingia kozi ya uuguzi. Anayeanguka anarudia mwaka, na kwa umri wangu mwaka si kitu cha kuchezea.

"Dada Mutanu, nitasema mimi," Ogutu aliniambia mlangoni. "Wewe uitikie tu."

"Niitikie nini? Kwani hii ni ibada?"

"Wewe na maneno!" Akacheka. Kanisani kwetu shemasi akisema hakuna anayemsahihisha, naye alidhani desturi hiyo imepanda treni pamoja naye kutoka Doonside, kanisa lilipo.

Patrick akauliza kalsiamu inageukaje kuwa ioni.

Ogutu akatanua kifua. "Kalsiamu ina elektroni mbili katika obiti ya nje. Inapokea nyingine mbili. Ndiyo sababu tunaandika jumlisha mbili. Mungu haondoi, huongeza."

Akanitazama, akisubiri amina. Upuuzi mtupu, uliovaa tai.

"Sivyo," nikasema.

"Dada!"

"Ngoja, Shemasi. Kalsiamu haipokei, inatoa. Kutafuta elektroni sita za kujaza obiti ni kazi kubwa. Kuachilia hizo mbili za nje ni rahisi zaidi. Protoni zinabaki ishirini, elektroni kumi na nane. Ndipo chaji inakuwa chanya, mbili. Magnesiamu hufanya vivyo hivyo, na ndugu zao wa kundi la pili."

Ogutu akakohoa, akatazama dari kana kwamba jibu lingeshuka kutoka huko.

Patrick aliniuliza maswali mengine peke yangu, kisha akamuuliza Ogutu, naye akaanza kupekua mkoba. Akatangaza: Mutanu anaendelea, Ogutu atarudia.

Ogutu alinifuata hadi kwenye ngazi. "Umeniaibisha mbele ya mzungu. Rudi umwambie turudie mwaka pamoja. Si sisi ni timu?"

"Timu ni ya mpira, Shemasi. Rudia wewe."

Nilishuka nikimshukuru Mungu kimoyomoyo. Huruma niliitafuta njia nzima hadi kituoni, sikuipata.