Tisa au Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla ya wateja kuanza kuingia, mimi hufuta propela za boti. Ziko ishirini na sita, zimetundikwa ukutani kwa kufuata namba, na kila moja naipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo. Ni kazi ninayoipenda kwa sababu haidai maneno. Siku hiyo nilikuwa nimefika katikati ya safu pale kitu kizito, kilichofungwa kwa taulo, kilipotuliwa kwa kishindo juu ya kaunta.

Alikuwa shangazi yangu. Miezi minane tangu nihame kwake, hakuwahi kukanyaga dukani.

Nilimwamkia, akaitikia, akafungua taulo. Propela ya boti yake ilikuwa imegonga jiwe na panga lake moja limekatika. Shangazi ni dobi. Kila siku huvuka ziwa kwa boti yenye mashine ndogo kufuata mashuka ya nyumba za wageni za ng'ambo, na kwa mashuka hayo alinilea tangu nikiwa na miaka sita. Nilipomaliza chuo na kupata kazi hii, aliniambia nitafute pa kukaa karibu na duka, maana chumba changu anakihitaji kwa kupigia pasi. Nilihama wiki ileile. Tangu hapo nakula nikiwa nimesimama kando ya jiko. Nilinunua meza, lakini kuketi mezani peke yangu kulinishinda.

Mwenye duka tunamwita Bwana Inchi, kwa kuwa hata mkate huupima kabla ya kuukata. Alichungulia kutoka stoo, akatutazama mimi na shangazi, tuliofanana pua.

"Kumbe huyu ana kwao?" akasema. "Mimi nilidhani alikuja ndani ya boksi la vipuri."

Shangazi alicheka kidogo. Mimi nilichukua kadi ya mteja.

Propela huwa na namba mbili. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyozama kwenye ubao, na hiyo ndiyo yenye kesi. Boti yenye mzigo hutaka namba ndogo. Boti nyepesi ukiifunga namba ndogo, mashine huzunguka kupita kiasi, hulia siku nzima, na haichukui muda kufa. Mashine ya shangazi ilikuwa ndiyo shamba lake na ng'ombe wake. Hana nyingine. Kwa hiyo nilimuuliza kama ninavyowauliza wote, kwamba kwa kawaida wanapanda wangapi.

"Wawili," akajibu haraka.

Kalamu yangu ilisita. Basi alikuwa amepata mtu. Niliandika mbili, nikataka kumuuliza ni nani huyo anayemkunjia mashuka siku hizi, na kama naye anajua kwamba shangazi hapendi kusemeshwa kabla ya chai. Badala yake niliuliza idadi ya mafurushi.

Bwana Inchi hauzi propela kwa maneno matupu. Husema mdomo hauna kipimo, lazima boti ijaribiwe majini. Mchana tukashuka watatu hadi gatini, yeye amebeba propela ya inchi tisa, ya watu wawili, mimi kipimo cha mizunguko ya mashine.

Hapo ndipo nilipoiona boti. Kwenye ubao wa mbele, mahali nilipokuwa nikikaa, palikuwa na madumu matatu ya lita ishirini, yamejazwa maji na kufungwa kamba pamoja. Yalikuwa yamevishwa jaketi la kuelea. Jaketi langu, lile nililolishonea kifungo chekundu nikiwa shuleni.

Kabla hajaulizwa, shangazi alianza kueleza kwamba akiwa peke yake nyuma boti inainua pua na mashine inapiga kelele, ndiyo maana ameweka uzito. Ni kweli, boti ndogo hufanya hivyo.

"Na jaketi?" akauliza Bwana Inchi. "Maji nayo yanaogopa kuzama?"

Shangazi aliinama akakaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

Bwana Inchi alipoifunga ile ya tisa, shangazi alizunguka mbele ya gati na madumu yake, na kipimo kikaonyesha mizunguko elfu tano na mia nane kwa dakika. Tukayashusha. Akazunguka tena, pua ya boti ikiwa juu, mashine ikilia hadi watu wakageuka. Elfu sita na mia tatu. Kikomo ni elfu sita.

Bwana Inchi alieleza taratibu. Kama ni mtu mmoja, afunge ya inchi kumi na moja na maji ya madumu akayanywe nyumbani. Kama ni wawili, tisa. Ila achague sasa, kwa sababu propela ikishalipiwa hairudi dukani.

Shangazi aliliangalia ziwa.

"Kumi na moja," akasema. "Niko mmoja."

Nilikuwa na kadi mkononi. Nilitakiwa kukata ile mbili. Sikuweza. Mimi maneno hunijia kesho yake. Nilimpa Bwana Inchi kadi na kalamu, nikalivua lile jaketi kwenye madumu, nikalivaa. Linanibana kifuani siku hizi. Nikashuka ndani ya boti na kuketi mbele, na pua yake ikateremka hadi ilipokuwa zamani.

Shangazi hakuwasha mashine. Alishika mpini wake tu, akinitazama.

"Kile chumba," akasema hatimaye. "Pasi naipigia sebuleni, kama siku zote. Mlango wa chumba sijaufungua tangu uondoke." Akauachia mpini. "Nilisema vile ili usibaki kwa kunihurumia, mwanangu. Lakini nilitaka ubaki."