Mlango Ulirekodiwa Kwanza

Maneno haya niliyapata kwa msusi, mlango wa tatu kutoka kibandani kwangu, na tangu siku ile hayajanitoka. Kichwa changu kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti yake, ananivuta nywele mpaka macho yanalenga machozi, akasema kuna mtoto wa kike aliigiza kwenye filamu kwamba amepotea porini. Wakamrekodi akipotea. Mvua ikanyesha, wakafungasha vyombo, kipande cha kupatikana hawakukirekodi. Basi mtoto yule akitoka shule, njia ya kwao haioni. Kila siku sharti mtu amfuate.

"Mtoto wa nani huyo?" nikamuuliza.

"Wa mtu."

"Unamjua?"

"Shoga, mimi naambiwa na vichwa ninavyovisuka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nikacheka. Nikamwambia akaze uzi aache umbea. Lakini usiku na mchana nikawa namwona mtoto yule njia panda, na begi lake mgongoni.

Haikupita wiki, watu wa filamu wakaja kwangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeishia darasa la saba, nashona sare za shule, na mwandiko wangu mtausamehe. Aliyekuja ni mwongozaji wao, mtu mpole, kofia haimtoki hata ndani ya nyumba, ndiyo maana wenzake walimwita Kofia. Alitaka gauni moja la mtoto lishonwe mara nne: safi, lenye tope, lililochanika, na la kulowa. Wakati ananionyesha mchoro, chini ya meza yangu ya kukatia kulikuwa na mwanangu, ana miaka minane, anaongea na vipande vya kitambaa. Jina lake analo, lakini mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa yule ndege asiyefunga mdomo.

"Fundi," Kofia akasema, "huyu mtoto anapumua saa ngapi?"

"Akilala."

"Hata nikilala naongea," Chiriku akajibu kutoka chini ya meza. "Mama, si ulisema naongea? Ulisema nilimtukana kuku."

Kofia akacheka mpaka akashika kofia. Akamweleza filamu yake inahusu nini. Chiriku akatoka chini ya meza akamkatiza: "Hiyo naijua! Bibi yangu alinisimulia!" Akaisimulia yote, amesimama, na mikono. Kofia akanigeukia. "Nimezunguka miezi miwili natafuta mtoto."

Mama yangu aliisimulia ngano hiyo hivi. Mama wa binti anaugua, na dawa yake ni maji ya kisima kimoja tu, nacho hakitoi bure. Safari ya kwanza binti anaacha viatu. Safari ya pili anaacha kivuli chake. Ya tatu kisima kinamwambia, niachie sauti. Anaacha. Anarudi na ndoo, anabisha. Sasa huko nje zimwi linazunguka, na mama ameapa hafungui mpaka asikie sauti ya mwanawe. "Nani?" Kimya. "Nani?" Kimya. Mpaka mama anaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, anaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea mwanawe alipokuwa mchanga, na sauti ya binti inapanda kutoka kwenye maji ya ndoo, inamrudia kinywani. "Ni mimi, mama. Nifungulie." Mlango unafunguka. Hapo ndipo hadithi inapokwisha, si kabla.

Na nyumbani kwetu ilikuwa na sheria yake. Binti akishaacha sauti kisimani, watoto wote tunaosikiliza tunaziba midomo kwa kiganja. Hakuna kusema mpaka mlango ufunguke. Hata mgeni akija, mama akainuka kumkaribisha, sisi tumeziba tu. Atakayesema kabla, ya kwake inabaki kisimani. Nilikua hivyo, na Chiriku naye bibi yake alimlea hivyo mpaka alipofariki mwaka jana. Jioni moja bibi alipitiwa na usingizi katikati ya hadithi. Asubuhi Chiriku akaenda shule na kiganja mdomoni, mwalimu akamrudisha. Bibi akamalizia pale pale uani, amesimama na ufagio. Mtoto akatoa kiganja, akaanza kumshtaki mwalimu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ningejua, nisingecheka.

Nikasaini karatasi ya Kofia. Sitasema nilidanganywa. Nilifurahi, nikawaringia majirani, nikashona yale magauni manne kwa sindano mpya. Siku ya kwanza ya kazi nikakuta wanaandaa nyumba, mlango, na mwigizaji mmoja wa kike, ndiye mama wa kwenye filamu.

"Mwongozaji," nikasema, "mbona mnaanza na mwisho?"

"Nyumba tumeipata leo tu, fundi. Halafu, wewe ukishona unaanzia wapi? Si unashona mkono kwanza, kisha kola, mwisho unaunganisha? Mvaaji atajua ulianzia wapi?"

"Hajui."

"Basi na sisi ni mafundi kama wewe."

Nikarudi kwenye magauni yangu. Alinipiga kwa rula yangu mwenyewe. Jibu lilinijia baadaye, wakati halina kazi tena: nguo inaposhonwa, ndani hamna mtu.

Basi mlango ukarekodiwa kwanza. Chiriku akabisha, mwigizaji akaimba, mwanangu akasema, "Ni mimi, mama. Nifungulie," na sauti yake ilitetemeka hata mbeba taa akajifuta macho. Siku zilizofuata wakarekodi viatu, wakarekodi kivuli. Kisima wakakiacha siku ya mwisho, kwa sababu fundi seremala alikuwa bado anakijenga.

Asubuhi ile ya kisima nilimfunga Chiriku mkanda wa gauni la kulowa, nikamwinamia. Maneno yangu nayakumbuka yote, maana kila siku nayarudia: "Leo usitoe hata kauli. Ziba mdomo kama kwa bibi, mpaka mwisho."

Mimi ndiye niliyesema. Si Kofia.

Mtoto akainama kisimani, akafungua mdomo, kisha akaweka kiganja. Kofia akaruka. "Hicho kiganja! Hicho kiganja kibaki!" Wakarudia mara sita. Halafu akapiga kelele, "Tumemaliza!" Watu wakapiga makofi, wakaanza kukunja nyaya. Wawili wakakiinua kisima, kumbe cha mbao, wakakilaza juu ya gari. Chiriku alisimama katikati yao na ndoo yake. Alikuwa anageuka huku na huku, na mimi nikadhani anatafuta viatu. Alikuwa anatafuta mlango.

Njiani nikamuuliza, umechoka? Akaitikia kwa kichwa. Nyumbani, unataka kula? Kichwa. Nikajiambia ni uchovu, nikashukuru hata kupata kimya. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Siku ya tatu baba yake akapiga simu. Yeye ni dereva wa malori, hurudi mara moja kwa mwezi. Nikamwekea mtoto simu sikioni. Baba akaita, akaita, akaniambia, "Umempa simu mtoto wa jirani? Wangu hajawahi kunipa nafasi ya kumaliza haloo." Akawa anacheka peke yake. Nilipomwambia, akasema ngoja aegeshe lori, kisha akaniuliza upya tangu mwanzo.

Nikampeleka kwa daktari. Akamulika koo, akasema koo ni zima kama la jogoo. Mwalimu akasema mpe muda. Msusi hakusema kitu, na hilo liliniogopesha kuliko yote.

Siku ya kumi na moja nikaenda kwa Kofia. Ofisi yao ni chumba kimoja, pazia zito, na mhariri wao, dada mmoja mwenye miwani, amekaa mbele ya mashine anapanga vipande. Nikamwambia Kofia: mrudie mlango. Mara moja tu. Hata msirekodi, mwiteni yule mama aimbe, mtoto abishe, afunguliwe.

"Fundi, nyumba tumeirudisha. Mwigizaji amesafiri. Lakini usihofu, kwenye filamu kila kitu kitakaa mahali pake."

"Kwenye filamu. Na kwa mwanangu?"

"Atazoea. Watoto wanasahau."

"Basi akiiona filamu na mlango uko mwisho, labda atapona."

Hapo Kofia akamtazama mhariri, na mhariri akavua miwani yake akaanza kuifuta.

"Mlango hauko mwisho," Kofia akasema taratibu, kama mtu anayetoa habari njema kwa kiziwi. "Tumeuweka mwanzo. Mtazamaji wa leo anachoka upesi. Ukianza na mama, ugonjwa, safari ya kwanza, ya pili, anainuka anaondoka. Lakini ukianza na mtoto anabisha mlango, mtazamaji anauliza, huyu ni nani, ametoka wapi? Ndipo tunarudi nyuma. Tunaishia kisimani, mdomo wazi, kiganja, giza."

"Na kurudi nyumbani?"

"Mtazamaji ameshauona mlango mwanzo. Ataunganisha mwenyewe."

"Hadithi hiyo ina safari tatu na kurudi kumoja," nikasema. "Ukikutoa kule kurudi mahali pake, umemwacha mtoto wa mtu nje, na zimwi liko huko."

"Hakuna zimwi, mama. Zimwi tulilitoa."

Nikapiga magoti. Sioni haya kuliandika. Kofia akavua kofia yake, mara ya kwanza namwona kichwa, kina kipara, akaniomba niinuke, akasema atalifikiria. Mimi ni mshonaji, neno "nitalifikiria" nawaambia wateja kila siku, najua uzito wake.

Dada wa mashine alinifuata nje. "Mlete mtoto kesho saa nne, Kofia hatakuwepo. Nitampangia kama alivyosimulia bibi."

Tukaenda. Mhariri akamwekea Chiriku kiti, akaifungua filamu kwa mpango wa kale: mama anaugua, viatu, kivuli, kisima. Kilipofika kisima, mtoto alikuwa tayari ameziba mdomo, na mimi pia nimeziba, na yule dada wa watu, asiyejua sheria yetu, naye akaziba. Ukaja mlango. Yule mama akaimba. Chiriku wa kwenye kioo akasema, "Ni mimi, mama. Nifungulie." Mlango ukafunguka.

Nikatoa kiganja changu. "Haya, mwanangu. Tumeingia."

Chiriku akakitazama kioo, akamnyooshea kidole yule mtoto aliyesema, kisha akajinyooshea mwenyewe, akatikisa kichwa. Nikaelewa anachosema: Yule amerudishiwa. Mimi bado.

Sikumbuki tulivyofika nyumbani. Nakumbuka saa kumi alasiri nimekaa chini kibandani, kitambaa cha watu mapajani, nikawaza: mama yangu alimalizia na ufagio mkononi. Hakuwa na taa wala mwigizaji. Nikamvalisha mtoto lile gauni la kulowa, nikajaza ndoo maji, nikampa, nikamtoa nje. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Akabisha.

"Nani?" Kimya. "Nani?" Kimya. Nikapiga magoti kwenye tundu la ufunguo nikaimba. Si wimbo wa filamu, wangu, niliokuwa nikimbembelezea tangu ana siku tatu, una maneno manne na matatu kati yake hayana maana. Niliimba mpaka sauti ikanikauka, nikaimba tena. Huko nje nikasikia maji yakitikisika kwenye ndoo.

"Ni mimi, mama. Nifungulie."

Nilifungua mlango hata ufunguo ukaanguka. Nikamkumbatia, ndoo ikamwagika miguuni mwetu. "Sema tena! Sema tena, Chiriku wangu!"

Akanitazama. Akatazama maji yanavyoingia ardhini. Akaweka kiganja mdomoni.

Leo ni siku ya thelathini na nne. Kila saa kumi namtoa nje na ndoo imejaa, nafunga, naimba. Akiwa nje anasema. Mwanzo alisema yale maneno ya hadithi tu. Sasa anaongeza. Jana aliniambia kupitia mlangoni kwamba mwalimu ana raba mpya, kwamba msusi amegombana na muuza maji, na kwamba anasikia njaa. Mimi niko chini upande wa ndani, mgongo kwenye mbao, nauma kanga nisilie kwa sauti, namuuliza maswali kama mwenye nyumba asiyetaka kumfungulia mgeni. "Raba ya rangi gani?" "Ya bluu, mama." Naogopa kufungua. Nikifungua, ananyamaza. Na siwezi kumwacha nje mpaka jua lizame, ni mwanangu. Basi nafungua. Kila siku nafungua, na kila siku naipoteza sauti ile kwa mkono wangu.

Filamu inatoka mwezi ujao. Dada wa mashine amenitumia ujumbe kwamba Kofia hajabadilisha. Inaanza na mlango.

Kwa hiyo nawaandikia wenye watoto, kabla hamjasaini. Yaepukeni haya:

– Msimruhusu mtoto aigize kurudi kabla hajaigiza kuondoka. Kama hawana nyumba siku ile, wasubiri.

– Msiwape watu wa kazi michezo ya nyumbani kwenu. Siri ya bibi na mjukuu si kifaa cha mtu.

– Msimwambie mtoto "mpaka mwisho" kama mwisho hauko mikononi mwenu.

– Msikubali neno "watoto wanasahau."

– Msiondoke mahali pa kazi kwa sababu tu mtu amesema tumemaliza. Mwulizeni mtoto kama yeye amemaliza.

– Msikubali hadithi ikatwe kichwa kikawekwa miguuni, hata na mtu mpole.

– Msicheke umbea wa msusi.

– Na mkipita kwangu saa kumi mkamkuta mtoto amesimama na ndoo, anaongea na mlango, msimhurumie, msimwite, msimbishie hodi kwa niaba yake. Msimkatize. Mimi niko ndani, namsikiliza.